Kijiko cha Mbele kwa Trekta Letu: Kipi Kilipiwe Kwanza

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya mitambo katika mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam. Yamechapwa hapa kwa maombi ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, jamaa mliosafiri usiku kucha kutoka nyumbani, na ninyi vijana mliozaliwa hapa mjini lakini mkiulizwa kwenu wapi mnajibu Upare bila kusita: nawasalimu.

Katika ajenda za leo nimepangiwa ile ya sita, ya kufunga kijiko cha mbele kwenye trekta la chama. Nimeambiwa nisizidishe dakika 20, na nimeambiwa pia nisitumie maneno ya gereji. La kwanza nitajitahidi. La pili haliwezekani, kwa sababu fedha tunayoiomba inakwenda kwenye vitu vya gereji, na Mpare hatoi shilingi yake mpaka aonyeshwe mahali itakapolala. (Kicheko.)

Trekta mnalijua. Ni trekta dogo aina ya Kubota, lililokwisha kulima mashamba ya mpunga huko Japani kabla ya kuletwa kwetu likiwa limetumika. Lina nguvu ya farasi 24, magurudumu yote manne yanavuta, na uzito wake ni kilo 900. Tangu tulinunue, kazi yake imekuwa kulima kule tambarare upande wa Kisiwani, na kuvuta tela la mbolea na tangawizi pale barabara inaporuhusu. Msimu wa kulima ukiisha, linakaa chini ya mwembe. Mwaka jana lilikaa chini ya mwembe miezi saba, kuku wakitagia kwenye kiti.

Huku juu, wakati trekta limekaa, ndiva inajaa tope.

Kwa ajili ya vijana niseme kidogo. Ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji usiku, asubuhi likafunguliwa kwa zamu, kila mwenye shamba akapata saa zake. Wazee walizijenga kwa mawe na udongo, bila saruji, na chini wakashindilia udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye. Maji ya mlimani huja na udongo, udongo hutua, ndiva isipozolewa, mahali pa maji panakaliwa na tope. Tope likifika nusu, saa za zamu zinapungua nusu hata kama mvua imenyesha vizuri, na wenye mashamba ya mwisho wa mfereji ndio wanaokosa kwanza. Mtendaji wa kijiji ameniambia kwamba kesi za maji sasa zinampita kesi za mipaka ya viwanja, na ninyi mnajua jinsi tunavyopenda kesi za mipaka.

Mwezi wa pili tulipima. Ndiva yetu kubwa ina urefu wa mita 30 na upana wa mita 20, na tope limelala kwa wastani wa nusu mita. Hiyo ni mita za ujazo 300. Mita moja ya ujazo ya tope bichi ina uzito wa tani 1.8 hivi, kwa hiyo tunazungumzia tani 540. Karai moja ya kubeba kichwani tuliijaza, tukaipima: kilo 20. Gawanyeni wenyewe. Ni karai 27,000.

Zamani msaragambo ulitoa watu 60. Kila mmoja akizoa karai 40 kwa siku, kazi hii ingekwisha siku ya kumi na mbili. Msaragambo wa mwisho nilihudhuria na kuhesabu: watu 19, wengi wao mama zetu waliokwisha kupita miaka 50. Kwa karai 30 kila mmoja, ni karai 570 kwa siku. Hizo ni siku 47. Na msaragambo ni siku moja kwa wiki, kwa hiyo ni wiki 47, karibu mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo kuna vuli na masika zinazoleta tope jipya. Wale 41 waliopungua tunajua waliko. Wengi wao wako humu ukumbini, wamevaa vizuri, na mimi ni mmoja wao.

Kijiko kinachofaa trekta letu ni kidogo, cha upana wa mita 1.2, kinachozoa kama sehemu 0.16 ya mita ya ujazo. Tope la kiasi hicho lina kilo 290 hivi, sawa na karai 14 au 15 kwa mara moja. Kwa tani 540 tunahitaji safari 1,875. Nikizipa kila safari dakika tatu, maana kuna kuzoa, kurudi nyuma, kupanda njia ya kutokea, kumwaga na kushuka tena, nazipata saa 94. Ni siku 12 za kazi ya saa nane. Kwa maneno mengine, kijiko kinarudisha wale watu 60. Hakifanyi muujiza zaidi ya huo, na anayewaambia kwamba trekta dogo litamaliza ndiva kwa siku mbili hajawahi kuzoa tope.

Kuna kazi ya pili, ya barabara. Kila masika kingo zinaporomoka. Barabara ni ya TARURA, na matengenezo makubwa yatabaki kuwa yao. Lakini kifusi cha tani 10 kilichoziba njia wakati mjamzito anasubiri kushushwa hospitali hakiwezi kungoja greda lipande kutoka mbali. Kifusi cha kiasi hicho ni safari 35 za kijiko, chini ya saa mbili. Ila nisieleweke vibaya. Mnaoikumbuka Goha ya mwaka 2009 mnajua mlima ukiamua kushuka unakuwaje. Trekta hili halitakwenda mahali ambapo udongo bado unatembea, na hilo limo katika masharti ya dereva.

Nimeulizwa kwa nini tusikodi mtambo mkubwa. Skaveta la tani 20 haliwezi kupita kona zetu wala lile daraja la mbao. Na likifika, likiingia ndani ya ndiva, ukuta wa mawe na udongo uliojengwa na babu zetu hautalistahimili. Nimeulizwa pia kwa nini tusinunue trekta jipya lililokuja na kijiko chake kutoka kiwandani. Hilo ni swali zuri na jibu lake ni fupi: hilo lingekuwa bora, na fedha yake hatuna. Tulichonacho ni injini nzima. Tumepima mgandamizo wa silinda zote tatu na ziko karibu sawa. Halimezi mafuta, na asubuhi ya baridi kule juu linawaka mara ya kwanza.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonileta hapa mbele, na naomba mnivumilie kwa hesabu, kwa sababu ndani ya hesabu hii kuna uhai wa dereva wetu.

Trekta lenye kijiko ni kama ubao wa watoto wa kupandana na kushukana. Mahali ubao unapoegemea ni eksili ya mbele. Ukitia uzito mbele ya eksili hiyo, nyuma panainuka. Trekta letu likiwa tupu limegawanya kilo zake 900 hivi: mbele 360, nyuma 540. Toka eksili hadi eksili ni mita 1.5. Mikono na kijiko kitupu vitaongeza kilo 200, na uzito huo utakaa kama sentimita 45 mbele ya eksili ya mbele. Kijiko kikijaa, tuseme kilo 300 ili hesabu iwe nyepesi, mzigo huo unaning'inia mita 1.2 mbele ya eksili. Ukipiga hesabu yote, eksili ya mbele, iliyozoea kilo 360, sasa inabeba kilo 1,160. Ya nyuma imebaki na kilo 240.

Kilo 240 ni watu watatu. Yale magurudumu makubwa ya nyuma yanakanyaga ardhi kwa uzito wa watu watatu tu, na hapo trekta liko mahali tambarare. Liweke kwenye mteremko, kijiko kikiangalia chini, uzito huo unazidi kupungua. Tena, breki za trekta hili ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva akikanyaga breki, magurudumu ya nyuma yatasimama kweli, lakini yatateleza kama ndala kwenye tope, huku trekta likiendelea kushuka. Wapo madereva wenye uzoefu wa miaka mingi ambao jambo hili huwashangaza mara ya kwanza, kwa sababu trekta lile lile, bila kijiko, lilikuwa linashika breki vizuri.

Dawa yake ni mambo mawili. La kwanza halina gharama: ukishuka na mzigo, weka magurudumu manne. Hapo mhimili unaopeleka nguvu mbele ndio unaoyaunganisha magurudumu ya mbele na breki ya nyuma, na yote manne yanazuia pamoja. La pili ni uzito wa nyuma. Chukua pipa la lita 200, likate nusu, pitisha chuma kinene cha kuning'inizia kwenye mikono mitatu ya nyuma, ulijaze zege. Lita 100 za zege zina kilo 240. Pipa hilo likiwa sentimita 90 nyuma ya eksili ya nyuma, hesabu inageuka: nyuma panarudi kuwa na kilo 624, na mbele panapungua hadi 1,016. Tumeipunguzia eksili ya mbele kilo 144 bila kumwaga hata koleo moja la tope. Gharama yake ni mfuko mmoja wa saruji, mchanga na kokoto za nyumbani, nondo chache na nusu siku ya fundi wa kuchomelea.

Nasisitiza pipa hili kwa sababu najua tabia ya michango. Kila mtu anataka kulipia kijiko. Kijiko kinapakwa rangi, kinapigwa picha, kinaandikwa jina la ukoo ubavuni. Pipa la zege halina sura. Lakini mkinipa kijiko bila pipa, nitakiweka stoo.

Kitu kingine cha usalama ni fremu ya chuma ya kumkinga dereva, inayosimama nyuma ya kiti, pamoja na mkanda. Trekta letu lilikuja bila fremu, kama yalivyo mengi ya umri wake. Uswidi waliagiza kwamba trekta jipya lisiuzwe bila fremu tangu mwaka 1959, na nchi nyingine zikafuata, baada ya kuona wakulima wanavyofia chini ya matrekta yaliyopinduka. Kijiko kikiinuliwa juu, kitovu cha uzito kinapanda pamoja nacho, na trekta ambalo jana lilipita ukingoni salama leo linalala ubavu. Fremu na mkanda ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: fremu bila mkanda inamrusha dereva nje na kumwangukia. Wala isiwe bomba la maji lililokunjwa na kuchomelewa na mtu yeyote aliye karibu. Napendekeza mchoro wa fremu hii, pamoja na ule wa kijiko, upelekwe CAMARTEC kule Arusha ukaangaliwe kabla hatujakata chuma.

Nije kwenye ufungaji wenyewe. Ndugu yetu mmoja mwenye karakana Gerezani amejitolea kutengeneza mikono na kijiko kwa bei ya chuma tu, na tunamshukuru sana. Nilikaa naye jioni mbili tukachora. Tulikubaliana kwamba fremu ya kubebea mikono haitaishia mbele. Trekta dogo halina chasisi kama ya lori. Injini, kasha la klachi na gia boksi vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na hivyo ndivyo vilivyo mgongo wa trekta. Ukifunga kijiko kwenye injini peke yake, kila mzigo unapinda kiungo cha injini na kasha la klachi, mpaka siku moja bolti zinakatika au kasha linapasuka, na trekta linakatika kiuno. Kwa hiyo vyuma viwili virefu vitapita pande zote mbili chini ya tumbo la trekta mpaka kwenye eksili ya nyuma, vifungwe huko, na katikati vishike kasha la klachi. Nguvu ya kijiko itasafiri kwenye vyuma hivyo, isipite kwenye kasha. Na hakuna kuchomelea kwenye mwili wa trekta: ule ni chuma cha kusubu, ukiuchomelea bila utaalamu unapata ufa pembeni ya mshono. Kila kitu kwa bolti, kwenye matundu ambayo kiwanda chenyewe kiliyaacha.

Kuhusu mafuta ya haidroliki, wengi mlidhani tutahitaji pampu mpya. Hapana. Tulikinga mafuta kwenye ndoo na kushika saa: pampu inatoa lita 16 kwa dakika. Jeki mbili za kunyanyua, kila moja ya kipenyo cha milimita 50 na mwendo wa sentimita 40, zinahitaji lita 1.6 hivi kutoka chini hadi juu. Ni sekunde 6. Kwa kazi ya ndiva hiyo ni kasi ya kutosha, na kwa dereva anayejifunza ni afadhali isizidi hapo. Nguvu nayo ipo tele, tena imezidi, kwa hiyo ile valvu ya usalama ya kijiko tutailegeza ili mzigo ukizidi kipimo mikono igome kunyanyua. Afadhali kijiko kigome kuliko eksili.

Mahali pa kuangalia ni valvu ya vishikio. Pampu ni moja, na mikono ya nyuma, ile itakayobeba pipa, inaitegemea pampu hiyo hiyo. Inatakiwa valvu yenye tundu la ziada la kupitisha mafuta yenye nguvu kwenda nyuma, mbali na tundu la kurudishia mafuta kwenye tangi. Ile ya bei nafuu haina. Ukiifunga hiyo ya nafuu na kulazimisha mafuta ya mikono ya nyuma yapite kwenye tundu la kurudishia, kasha la valvu linaweza kupasuka, na mafuta ya moto yenye shinikizo yakiruka usoni mwa mtu si jambo la kusimulia. Kwa hiyo mkiona kwenye jedwali valvu ya bei kubwa, msidhani fundi ameongeza cha juu. Halafu mafuta ya haidroliki ya trekta hili ndiyo mafuta ya gia boksi. Jeki na mipira mipya vitameza kama lita 4, na zisiporudishiwa, gia zitakauka.

Yaliyobaki ni uchakavu. Pini inayoshikilia eksili ya mbele katikati imelegea. Nimeitikisa kwa mkono nikaisikia. Kwa kulima ingeweza kuendelea hata miaka miwili. Kwa kubeba kilo elfu moja, haiwezi. Pini mpya na bushi zake lazima. Tairi za mbele ni zile nyepesi za mpunga, zibadilishwe kwa zenye nyuzi nyingi zaidi. Usukani hauna msaada wa haidroliki. Utakuwa mzito, kwa hiyo dereva akate kona trekta likiwa linatembea, asikaze mikono likiwa limesimama, maana tairodi zitapinda. Na klachi. Safari 1,875, kila safari kwenda mbele, kurudi, kwenda, kurudi: ni kukanyaga klachi mara 7,500 kwa ndiva moja. Sahani ya klachi iliyomo imekwisha zaidi ya nusu. Tukilifungua trekta kwa kazi hii bila kubadilisha klachi, tutalifungua tena kabla ya Krismasi, na gharama kubwa ya klachi ni kufungua, si sahani.

Mama mmoja aliniuliza hapo nje, je, mtambo huu hautaua msaragambo? Watu wakisikia trekta linakuja, hata wale 19 hawatatoka. Swali lake lilinikaa kichwani, na jibu langu ni kwamba kazi ya mikono itabaki, tena ya ustadi. Kijiko hakitaruhusiwa kufika chini kabisa. Ule udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa na wazee ndio unaozuia maji. Kijiko kikiukwangua mahali pamoja tu, ndiva itavuja na hatutajua inavuja wapi. Kwa hiyo trekta litaacha tope la kina cha kiganja, na hilo litatolewa kwa jembe na karai na watu wanaojua rangi ya udongo wa chini. Wanaoijua rangi hiyo si wengi, na wengi wao ni wa umri wa huyo mama aliyeniuliza. Tope linalotoka nalo lisitupwe. Ni udongo wa juu wa mashamba yetu wenyewe, uliosombwa na mvua, na matuta ya tangawizi yanauhitaji. Kugawana tope hilo kutahitaji utaratibu, kabla halijaanzisha kesi yake.

Dereva tunaye mmoja, na tunataka wawe wawili, wafundishwe wiki mbili bila kuingia ndivani. Masharti yao ni machache. Kijiko kiwe chini, usawa wa goti, wakati wowote trekta linapotembea. Kupanda na mzigo, uso mbele. Kushuka na mzigo, rivasi, ili upande mzito uwe juu ya mlima siku zote. Hakuna kukatisha mteremko ubavu. Hakuna mtu chini ya mikono iliyoinuliwa, hata fundi, mpaka iwekewe kizuizi cha chuma. Hakuna mtoto ndani ya kijiko, hata siku ya sherehe, hata kama baba yake ndiye mfadhili mkuu. Na grisi kila asubuhi, kila pini, kabla ya chai.

Jedwali la gharama lipo upande wa pili wa kijitabu hiki. Mtaona limegawanywa mafungu matatu, na ombi langu kwa mkutano ni kwamba fedha ifuate mpangilio huo. Fungu la kwanza ni fremu ya kinga, mkanda na pipa la zege. La pili ni pini na bushi za eksili, tairi za mbele, klachi na mafuta. La tatu ndilo kijiko: vyuma vya ubavuni, mikono, jeki, valvu na mipira yake. Tukifika fungu la pili na fedha ikaishia hapo, hatujapoteza kitu. Tutakuwa na trekta linalolima vizuri na dereva aliye salama, na kijiko kitasubiri mwakani. Tukianza na la tatu na fedha ikaishia hapo, tutakuwa na kijiko kizuri kwenye trekta ambalo mimi sitakubali mtoto wa mtu alipande.

Ratiba inategemea mvua. Trekta lipelekwe Moshi wiki ya pili ya Juni, masika ikiwa imekwisha na njia imekauka. Kazi ya fundi ni wiki tano. Agosti ni mazoezi ya madereva kule tambarare. Septemba maji yanapungua. Ndiva ifunguliwe, iachwe ikauke wiki mbili, na njia ya kuingilia ichimbwe upande ambao hauna ukuta. Zile siku 12 za kuzoa, na msaragambo wa kumalizia, vyote viwe vimekwisha kabla ya vuli. Mchango unaofika Agosti utakuwa umechelewa kwa ndiva ya mwaka huu, ingawa tutaupokea.

Karatasi za ahadi ziko kwa mweka hazina pale mlangoni. Juu ya kila karatasi nimeandika jina la kifaa na bei yake, ili kila mmoja ajue alichonunua: bushi ya eksili, tairi la mbele la kulia, mpira wa jeki, wiki moja ya posho ya dereva anayefundishwa. Za kijiko zipo, lakini nimeziweka chini ya bahasha. Ya pipa la zege ilikuwa moja tu, na mzee mmoja wa meza ya mbele ameshaichukua nikiwa bado nasema.